Mlango wa Tisa Umezimwa

Jumamosi, Novemba 2008. Mtwara.

Joto la leo halina adabu. Mawingu yamejikusanya upande wa Ruvuma tangu asubuhi, yanatishia, halafu basi, hakuna hata tone. Shati limenigandia mgongoni na feni ya ofisi inahamisha hewa moto kutoka kona moja kwenda nyingine. Nipo peke yangu. Jumamosi hakuna anayekuja huku isipokuwa mlinzi, na mlinzi kalala.

Somoe kafukuzwa kazi jana.

Naandika hivyo kwanza ili nisizungukezunguke, maana najijua. Nikiachiwa nafasi nitaanza habari za nyaya na mitambo mpaka ionekane hakuna mtu aliyefukuzwa, ni hitilafu tu imetokea.

Wasomaji wa blogu hii ni wachache, na nusu yenu mmeingia mkitafuta matokeo ya mpira. Kwa hiyo nieleze kidogo. Mimi ni fundi mtandao wa mradi mmoja wa wakulima wa korosho hapa mjini. Jina la mradi halitawasaidia kitu. Tuna vyumba vichache, dishi moja la satelaiti juu ya bati, na kwenye stoo kuna boksi lenye matundu mengi ya kuchomekea nyaya. Boksi hilo linaitwa swichi, na wageni wakinisikia nikilitaja huangalia ukutani kutafuta taa. Kila tundu tunaliita mlango. Kila mlango una waya unaokwenda kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Mlango wa tatu ni wa Mkuu wa kituo, wa tano ni wa Mhasibu, wa tisa ulikuwa wa Somoe, karani wetu wa fomu. Wangu ni wa mwisho kabisa, karibu na ukuta.

Kazi yangu, ukiacha kufuta vumbi na kufufua printa, ni kuangalia mizigo inayopita kwenye milango hiyo. Kuna programu niliyoiweka mwenyewe. Kila baada ya dakika chache inaiuliza swichi: mlango huu umepitisha kiasi gani, na huu je? Halafu inachora mstari. Mtu akifanya kazi mstari wake unapanda, akienda kula unalala chini.

Naipenda kazi hii, na naipenda kwa sababu mbaya. Napenda kuwaona watu bila wao kuniona. Mstari wa mlango wa tano ukianza kutikisika najua Mhasibu, mzee wa kanisa, amerudi kwenye picha zake za magari ya mitumba ya Japani. Grafu hainiambii ni magari, hilo nalijua kwa kupita nyuma ya kiti chake. Gari lenyewe hataliona barabarani akiwa ndani yake mpaka anastaafu. Hadija wa mapokezi anatuma dua zenye picha za maua kwa ukoo mzima wa Lindi, ukimkuta anasema anajibu wateja. Siwaambii kitu. Nakunywa chai yangu, naangalia mistari, nawacheka kimoyomoyo.

Tangu msimu wa korosho uanze mtandao ulikuwa unakokota. Barua pepe za makao makuu zilikuwa zinafika nusunusu. Mkuu wetu ni mpya, kahamishiwa hapa kutoka Dar miezi michache iliyopita na mpaka leo amenuna, kama vile sisi ndio tuliomhamisha. Jumatatu alinisimamisha koridoni, karatasi mkononi, mbele ya Hadija.

"Sitaki sababu za kiufundi," akasema. "Nataka jina."

Nikamwambia nitaangalia. Akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Na mkataba wako unaisha Desemba, sivyo? Haya, tutauangalia na wenyewe."

Jina nilikuwa nalo tayari. Kwa kweli nilikuwa na majina mawili.

Ukizitazama grafu za milango yote, Somoe anaongoza, tena kwa mbali. Wa tisa ni mlima, wengine ni matuta ya mihogo. Lakini Somoe kazi yake ni kupokea fomu za wakulima kutoka vijijini, Nanyamba, Mahurunga na kwingineko, zenye picha za watu na ramani za mashamba zilizochorwa kwa mkono. Anazipitisha kwenye skana moja moja, kutwa nzima, na picha hizo ni nzito. Zinatoka mezani kwake, zinapita mlango wa tisa, zinaingia kwenye seva, kompyuta yetu ya kutunzia kumbukumbu, iliyo hapo hapo stoo. Safari imeishia hapo. Dishi halijui hata kama Somoe yupo duniani. Ni sawa na mtu anayechota maji kwenye pipa la uani akayamimina kwenye pipa la jikoni, halafu mtaa mzima useme yeye ndiye anayemaliza maji ya bomba.

Swichi haisemi hayo. Mlango unahesabu mzigo unaopita, hauulizi unakwenda wapi. Hilo inabidi fundi aseme.

Mlango wa dishi nao una mstari wake. Ukiuweka juu ya mstari wa mlango wa tatu, unaona mapacha. Mkuu akienda kula, dishi linapumua. Akirudi, linakabwa. Mstari wake si mrefu, ukiulinganisha na wa Somoe unaonekana wa mtu mnyonge, lakini wote unakwenda nje, kuanzia asubuhi hadi jioni bila kupumzika. Mkuu anaangalia vipande vya mpira wa Ulaya. Vinazunguka na kuzunguka kabla ya kufunguka, na kimoja kikigoma anafungua kingine bila kukifunga cha kwanza. Nimeviona nilipoitwa kumrekebishia spika.

Nilijua yote hayo Jumatatu, kabla chai haijapoa.

Sasa nieleze kuhusu Somoe na mimi. Yeye ni Mmakonde wa Mahurunga, mimi Mmwera wa Nachingwea. Ni watani. Mtu asiyejua utani wa huku kwetu akitusikia asubuhi moja angedhani tunapelekana mahakamani. Mimi nilikuwa namwita mwizi wa mihogo. Yeye ananiita mtumwa wake, anasema babu yake alimnunua babu yangu kwa kikapu cha panya wa kukaushwa na alirudishiwa chenji. Akinipita mezani ananyanyua chai yangu anakunywa. Nikimpita nachukua korosho zake, na siombi. Sijawahi kumsalimia kwa heshima tangu nimjue, wala yeye mimi. Heshima ni ya watu baki.

Baba yangu alipofariki, Somoe alipanda gari hadi Nachingwea. Kama watani wafanyavyo msibani, alivaa koti la marehemu, akachukua fimbo yake, akapita katikati ya waombolezaji akikohoa kikohozi cha baba, kile kile, na kufoka kwamba chai haina sukari. Alimwona baba mara moja tu, alipokuja kututembelea mjini, lakini alikuwa amemshika barabara. Wakati wa kutoa mwili alilala chini mlangoni, akasema haendi mtu mahali mpaka alipwe ujira wa kumvumilia mzee huyu na ubahili wake. Mama, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu siku iliyotangulia, akacheka. Alicheka mpaka akalia, na baada ya hapo akakubali kula. Mpaka leo nikipiga simu nyumbani, mama akimaliza kuniuliza afya yangu anauliza, "Na yule Mmakonde wako mwendawazimu hajambo?"

Somoe mwenyewe alikuwa na ahadi yake kwangu. "Ntakuzika nangu, miye mwenyewe, Mmwera weye. Ntakaa juu ya kaburi lako nile ubwabwa wako wote, wala sibakishi."

Huyo ndiye mtu wa mlango wa tisa.

Alhamisi asubuhi Mkuu aliita watu wote kwenye ukumbi mdogo. Siku moja kabla aliniagiza nichape grafu za milango ya wafanyakazi kwenye karatasi kubwa. "Wa ofisini kwangu uache," alisema, "una mambo ya siri ya kikazi." Nikauacha. Na wa dishi nikauacha, hakuniambia niuache, niliuacha mwenyewe kwa kuwa ukiwepo bila pacha wake watu wangeanza kuuliza. Nilijisikia mwepesi kabisa nilipoifuta ile mistari miwili. Nilifuta ukweli kwa kubofya mara mbili, nikaenda kununua chapati.

Karatasi zilibandikwa ukutani. Mkuu alisimama mbele yake na kalamu mkononi, akapigapiga ncha yake kwenye ule mlima.

"Huyu ni nani?"

Watu waliutazama ule mlima. Kisha wote wakanigeukia mimi, na mimi napenda kugeukiwa, hilo ndilo tatizo langu kubwa kuliko yote. Somoe alikuwa amekaa karibu na dirisha, kanga begani, ananitazama kwa jicho la kusema thubutu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Nani tena, Mkuu? Huyo Mmakonde wenu. Mwizi wa kuzaliwa huyo. Kamaliza mihogo ya wenzake Mahurunga, sasa kahamia kwenye mtandao. Mfukuzeni leo leo, nitamsindikiza mwenyewe na filimbi."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hadija alipiga meza. Somoe akasimama, akajifunga kanga kiunoni kama anajiandaa kwa ngoma.

"Haya, ntumwa wangu kanena!" akasema. "Nimeiba, ndiyo. Nimeiba ntandao wote, nimeufunga kwenye kanga, nnampelekea mama. Ulitaka nikuachie weye, Mmwera usojua hata kushika kijiko? Nimeiba na kesho naiba tena!"

Watu wakacheka zaidi. Nami nilicheka. Alikuwa amenishinda, kama kawaida yake.

Mkuu hakucheka. Alingoja tunyamaze, akaweka kalamu mfukoni.

"Mmesikia wote," akasema. "Mtaalamu amesema, na mhusika amekiri mwenyewe."

Ilichukua muda watu kuelewa kwamba haendelezi mzaha. Hadija bado alikuwa na tabasamu usoni na hakujua alipeleke wapi.

"Mkuu, ule utani," Somoe akasema. "Huyu ntani wangu huyu. Ndivyo tunavyosemezana kila siku."

"Utani ni wa msibani. Hapa ni kazini."

Msinidanganye kwamba hakujua. Kwao nako kuna watani. Hakuna aliyezaliwa nchi hii asiyejua mtani akisema mwizi anasema nini. Alijua vizuri sana. Alikuwa anatafuta jina, na sisi wawili tukampa jina pamoja na ungamo, tukimchekea.

Somoe akajieleza, taratibu, akitafuta maneno ya ofisini. Akasema yeye anaskani fomu, mzigo wake unaishia kwenye seva ya stoo, haufiki kwenye dishi. Nilimweleza mimi mwenyewe habari hizo wakati namfundisha kutumia skana, na alizishika vizuri kuliko nilivyotegemea. Mwisho akasema, "Aulizwe fundi."

Mkuu akanigeukia. "Fundi. Ni kweli au si kweli kwamba mlango wa tisa ndio unaoongoza?"

Swali lilikuwa limekatwa na kushonwa. Somoe alinitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja zamu yake ya kucheka.

"Ni kweli, Mkuu," nikasema.

"Asante."

Basi. Hakunikata kauli, hakunitishia, hakuniziba mdomo. Palikuwa na nafasi ya kuongeza sentensi nzima. Lakini nilikumbuka Desemba, nikakumbuka mstari wa mlango wa tatu nilioufuta, na kuna kitu kingine cha aibu zaidi: aliniita mtaalamu mbele za watu. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kuitwa hivyo. Naitwa fundi, naitwa njoo uone hii printa. Nilijishika mdomo nikakuta bado unatabasamu.

Jana asubuhi Mkuu alimwita Somoe ofisini kwake. Somoe ni kibarua wa msimu, kumwondoa hakuhitaji maelezo marefu. Somoe alipotoka, Mkuu akatoka nyuma yake, akaniambia kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Mzime sasa hivi. Akiwa amekaa. Watu waone."

Nikaenda stoo. Nikabana kile kiklipu cha waya kwa kidole gumba, nikauvuta. Taa ndogo ya kijani ya mlango wa tisa ikazimika. Huko nje nikasikia Somoe akisema polepole, "Haya, imekatika," kwa sauti ile ile anayoitumia skana ikigoma. Kwenye skana kulikuwa na fomu ya mtu wa Nanyamba, nusu yake imeshaingia. Mpaka sasa ipo pale, nimeiona leo asubuhi. Mzee kapigwa picha akiwa ameshika mpini wa jembe, na kwenye kompyuta yetu ana kichwa na mabega tu.

Alikusanya vitu vyake: kikombe, msala, kanga ya akiba, kalenda. Mlinzi aliagizwa apekue mfuko wake getini. Mlinzi yule yule ambaye Somoe alikuwa akimletea mihogo ya kuchoma. Akatoa kitu kimoja kimoja, akaviweka juu ya tofali, hakumtazama usoni. Mhasibu alikuwa amesimama barazani, kombe la chai mkononi.

"Angalia vizuri," akasema, "huenda kabeba na waya."

Watu wawili watatu wakacheka. Mhasibu ni mtu wa mbali, si mtani wake wala wangu. Alichosema hakikuwa na kinga yoyote, lilikuwa tusi tupu. Wala hakuna aliyemkataza. Nilikuwa umbali wa kumgusa bega.

Halafu Somoe akapita mbele yangu, na sijui nilikuwa na akili gani, nadhani nilitaka kuonesha kwamba kati yetu hakuna kilichobadilika. Nikasema, "Nenda zako Mmakonde, tupumue."

Alisimama kidogo. Alinitazama, akauweka sawa mfuko begani, akaenda.

Nilijiambia hajakasirika. Mtani hakasiriki, ndiyo maana ya utani. Ungeweza kumkuta mtani amekalia jeneza la baba yako na usiwe na kesi naye. Nilijiambia hivyo nikirudi ndani, nikajiambia hivyo nikila, nikajiambia hivyo nikimsikia Hadija akinong'ona na simu pale mapokezi, "Ndiyo, huyo huyo wa Mahurunga, eti kaiba." Kwa hiyo taarifa ilifika kijijini kabla yake.

Na huko hawataambiwa kaiba mtandao. Mtandao haushikiki, utamweleza nini mtu ambaye hajawahi kuuona? Watasikia kaiba ofisini. Na ofisi ile ndiyo ilikuwa na fomu zao, na picha zao, na ramani za mashamba yao, ambazo wao wenyewe walimkabidhi Somoe mkononi kwa sababu ni mtoto wa pale. Watakaa wajiulize kachukua nini chao. Mama yake anauza maandazi njiani. Sijui kesho nani atanunua.

Nimeandika aya hiyo nikasimama kwenda kunywa maji. Nimerudi.

Jana mchana, Somoe akiwa ameshaondoka, mtandao ukaendelea kukokota vile vile. Bila shaka ungeendelea. Mstari wa dishi ulikuwa umejaa hadi juu, na chini yake pacha wake wa mlango wa tatu. Kulikuwa na mechi za marudio. Jioni Mkuu akanipigia simu ya mezani.

"Bado iko taratibu hii."

"Ndiyo, Mkuu."

"Kumbe hakuwa peke yake. Nitafutie mwingine. Jumatatu nataka grafu mpya ukutani."

Nikasema sawa. Najua kusema sawa.

Ndiyo maana nipo hapa leo. Nimefungua grafu zote. Wa tisa umelala kama uzi sakafuni. Kwa kuwa yeye hayupo, nilitaka kujua nani sasa anaongoza kwa wafanyakazi, nikapanga mistari kuanzia mrefu.

Anayeongoza ni mimi.

Kila mchana huwa nanakili yaliyomo kwenye seva kuja kwenye kompyuta yangu, ili siku seva ikifa fomu za watu zisife nayo. Kazi ya Somoe yote inapita tena kwenye mlango wangu, ikiwa imebanwa hadi ikawa ndogo. Mzigo ni ule ule wake, nao haufiki kwenye dishi, nami naweza kueleza hivyo kwa ufasaha mkubwa mbele ya ukumbi mzima. Nitaulizwa: ni kweli au si kweli?

Sasa nitasema jambo ambalo nisingelisema mahali pengine. Sehemu kubwa ya asubuhi ya leo sikuitumia kufikiria namna ya kumrudisha Somoe. Niliitumia kufikiria namna ya kuielekeza ile nakala iende kwenye kompyuta ya Mhasibu badala ya yangu. Inawezekana. Ni kubadilisha neno moja kwenye programu. Jumatatu mlango wa tano ungekuwa mlima, na yeye mwenyewe na magari yake ya Japani asingekuwa na uso wa kujitetea. Nilijiambia nitakuwa nalipiza kwa ajili ya Somoe, kwa lile neno la Mhasibu la waya. Nilikaribia kuyaamini maneno yangu.

Sijafanya. Sijasema sitafanya.

Njia nyingine ni kuchapa zile grafu mbili nilizofuta, ya dishi na ya mlango wa tatu, moja juu ya nyingine, na kuzibandika ukutani kabla watu hawajafika. Karatasi ipo. Wino upo. Nimeshazipanga kwenye kioo hapa mbele yangu, ni nzuri kupita kiasi, mtoto wa shule angeelewa. Kila nikipeleka mkono kwenye printa naiona Desemba. Naionea aibu Desemba yenyewe, maana ni mwezi tu na umenishika shati kiasi hiki.

Kuna jambo limenifanya nianze kuandika badala ya kwenda nyumbani.

Kabla ya adhuhuri nilimtumia Somoe ujumbe kwenye simu. Sikuomba radhi. Kumwomba mtani radhi ni kumtukana, ndivyo nilivyojidai, na pia ni kazi. Niliandika tu: "We mwizi wa mihogo, umefika kwenu au umeshukia kwenye shamba la watu?"

Nikaiweka simu mezani nikangoja tusi langu. Nilikuwa na hamu nalo. Nilijua litahusu panya, au babu yangu, au jinsi Wamwera tunavyooga. Angenitukana mpaka nikome, nami ningejua kwamba nina nafasi bado, kwamba Jumatatu naweza kumpigia nimwambie nimebandika zile karatasi, au hata sijabandika, na angesema ntumwa wangu mwoga nilikujua tangu zamani. Simu ilipotikisika nilikuwa nimeshaanza kucheka.

Imeandikwa hivi:

"Asalaam aleikum ndugu Bakari. Nimefika salama. Nakushukuru kwa kunijulia hali, na kwa ushirikiano wako wote tulipokuwa kazini. Mungu akuzidishie katika kazi yako."

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta dhihaka ndani yake. Nilidhani pengine heshima yenyewe ndiyo dhihaka, mtu anaweza kutania hivyo. Lakini Somoe hajui kutania kwa chini chini, akitania jirani wa tatu anasikia. Maneno haya yameandikwa taratibu, na kila herufi ipo mahali pake. Ameniandikia kama anavyowaandikia makao makuu.

Sikujua hata kama analijua jina langu. Miaka yote hii hajawahi kulitumia.

Mvua imeanza, matone makubwa machache juu ya bati, na ikizidi dishi litapoteza mawasiliano, kwa hiyo niipandishe shajara hii sasa. Mstari wa mlango wangu utaruka kidogo nikibofya. Zile grafu mbili bado zipo kwenye kioo. Printa imewashwa, inanguruma, sijui niliiwasha saa ngapi.

Mama amekuwa akikohoa tangu mwezi uliopita, na siku hizi kwenye simu anachoka kabla hajamaliza maswali yake. Lile la mwisho, la Mmakonde wangu, bado hajaliacha. Atakapouliza safari hii, nimjibu nini? Na siku yake itakapofika, watu wamekaa uani kimya msibani, wakatazama njia ya Mtwara na kuniuliza mtani wako yuko wapi?